Insha niliyoipanga nimepata 9, niliyokurupuka nimepata 15. Kupanga kuna faida gani?

#1 DaftariJipya
Habari zenu wakuu. Mnivumilie, nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Tangu muhula uanze mwalimu wetu anaimba wimbo mmoja: usiguse karatasi ya majibu kabla hujapanga. Nikasema safari hii natii. Jaribio la kwanza swali lilikuwa "Kazi za nyumbani zina faida kuliko hasara. Jadili." Muda dakika 40. Nikatumia dakika 15 nzima kupanga. Hoja nane, nikazipa namba, nikazipigia mstari kwa rula. Ndipo nikaandika. Nimepata 9 kati ya 20.

Wiki mbili baadaye tukapewa hii: "Tunga kisa kitakachomalizika kwa maneno: ...kumbe mlango haukuwa umefungwa." Siku hiyo nilichelewa kuingia, muda wa kupanga sikuwa nao. Nikakurupuka, neno likaita neno. 15 kati ya 20, na mwalimu kaandika "Vizuri sana" pembeni.

Sasa nielezeni, huo mpango unanisaidia nini?

#2 Kifutio
Natia nanga hapa. Na mimi nina insha ya kuwasilisha.

#3 Nukta_Nane
Unalinganisha mbingu na ardhi. Ya kwanza ni insha ya hoja, ya pili ni ya masimulizi. Kisa kina uti wa mgongo wake chenyewe: jambo hili limetokea, likazaa lile, lile likazaa jingine. Hoja hazizaani. Faida ya tatu haijui kama faida ya pili ipo, ni wewe unayezikutanisha.

Halafu umesahau kitu kimoja. Kwenye kisa ulipewa mwisho. Mtu akijua anakofika, nusu ya mpango tayari anayo. Umepangiwa na mtunga mtihani mwenyewe, unasema hukupanga!

#4 Kalamu_Kavu
wakuu tusidanganyane mimi nimesoma mpaka nikamaliza sijawahi kupanga insha hata moja unakaa unashika kalamu mambo yanakuja yenyewe haya mambo ya kupanga ni ya waoga na kuandika bila kupanga siyo zambi

#5 BintiWino
@Kalamu_Kavu Dhambi, mkuu. Na nukta nazo si dhambi.

#6 ChakiNyeupe
Nimefundisha uandishi miaka mingi, nimesahihisha insha hadi kidole kikaota sugu. @DaftariJipya, mwanangu, kabla watu hawajakurushia mawe au maua, tuwekee huo mpango wako hapa kama ulivyokuwa. Usiurembe.

#7 DaftariJipya
Shukrani mwalimu. Ulikuwa hivi:

Utangulizi: maana ya kazi za nyumbani
Faida: mazoezi, nidhamu, mzazi anajua mtoto anasoma nini, kutumia muda vizuri, kujitegemea, kujiandaa kwa mtihani
Hasara: uchovu, kunakiliana
Hitimisho: kwa hiyo zina faida kuliko hasara

Maoni ya mwalimu kwa kalamu nyekundu yalikuwa maneno manne tu: "Orodha. Hoja ziko wapi?" Sikuelewa, maana hoja nimezipa namba kabisa.

#8 Kifutio
Mpaka rula. Halafu 9. Pole sana, ila nimecheka.

#9 ChakiNyeupe
Nilichokishuku ndicho. Sasa tuwekee aya moja, ile ya nidhamu.

#10 DaftariJipya
Hii hapa: "Faida ya pili ya kazi za nyumbani ni nidhamu. Kazi za nyumbani humfanya mwanafunzi awe na nidhamu. Nidhamu ni kitu muhimu sana katika maisha ya mwanafunzi na jamii kwa ujumla."

#11 ChakiNyeupe
Hesabu nami. Sentensi tatu, taarifa moja. Ya kwanza inataja nidhamu, ya pili inarudia ya kwanza, ya tatu inaisifu nidhamu. Msomaji anayekataa kwamba kazi za nyumbani huleta nidhamu bado yuko palepale alipokuwa. Hujamgusa.

Na kilichokufikisha hapo ni mpango wako. Ulibakiwa na dakika 25. Utangulizi, hoja nane, hitimisho: mambo kumi. Kila moja dakika mbili na nusu. Ndani ya dakika mbili na nusu huwezi kujenga kitu, utataja tu na kukimbilia namba inayofuata. Kwa hiyo mpango unao, lakini ni wa sokoni: orodha ya vitu vya kubeba.

Neno moja baada ya namba halitoshi kuwa hoja. "Nidhamu" ni mada. Hoja ni sentensi ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa. Ukipanga, andika sentensi nzima, kisha iulize maswali mawili: kwa vipi? na wapi inakwama? Mfano:

"Darasani kuna anayekuambia anza, na kuna anayekuambia acha. Ukiwa peke yako na daftari, hakuna. Mwanafunzi aliyepewa hesabu tano huamua mwenyewe kama atazifanya leo somo likiwa bado bichi kichwani, au atasubiri asubuhi ya mwisho anakili za mwenzake. Uamuzi huo ukirudiwa kila wiki ndio unaojenga nidhamu. Lakini akipewa hesabu 40, hana la kuamua, atanakili tu, na hapo kazi ya nyumbani inamfundisha hila."

Umeona sentensi ya mwisho? Kule kunakiliana ulikokuweka kwenye hasara kama hoja ya nane kumeingia humuhumu. Sasa faida na hasara zinaongea. Ndiyo maana ya jadili.

#12 DaftariJipya
Duh. Kwa hiyo ningekuwa na hoja ngapi?

#13 ChakiNyeupe
Tatu. Nne ukiwa na mkono mwepesi.

#14 BintiWino
Mwalimu heshima yako, ila naona umeenda mbali. Tatizo la huyu ni dakika 15 tu. Kati ya 40 hiyo ni zaidi ya theluthi ya muda, imeliwa na rula. Mimi nilijipima nikiwa shule: nikiandika bila kukimbizwa, dakika 10 natoa maneno kama 150. Kwa hiyo kama insha inataka maneno 450 nahitaji dakika 30 za mkono peke yake. Zinabaki 10. Tano za kupanga, tano za kusoma nilichoandika. Mpango wa dakika tano hauwezi kuwa na hoja nane hata ukitaka, saa yenyewe inakukata mikono.

Kila mtu ajipime. Chukua saa, andika dakika 10 chochote unachokijua, hesabu maneno. Nilishangaa kuona wenzangu wanapanga muda bila kujua kasi ya mkono wao.

#15 Mzee_wa_Aya
Naona wote mnazunguka mbuyu. Insha yake ilikufa kwenye mstari wa kwanza. "Maana ya kazi za nyumbani"! Ni nani hajui maana ya kazi za nyumbani? Mtunga swali anajua, msahihishaji anajua, wewe mwenyewe ulikuwa nazo begini. Umefungua kwa kumweleza mtu jambo analolijua, ukamwambia mapema kwamba hapa hatapata jipya.

Dawa yake: utangulizi uandikwe mwisho. Acha mistari sita wazi, nenda moja kwa moja kwenye hoja ya kwanza. Ukishamaliza, sasa unajua insha yako inasema nini, rudi juu uitangulize. Utamtambulishaje mgeni ambaye hata wewe hujamwona?

#16 Nukta_Nane
@Mzee_wa_Aya mzee wangu, hapo kwenye mistari sita nakupinga kwa makovu.

Niliwahi kusoma ushauri kama huo, nikaufuata kwenye mtihani wa kufungia mwaka. Nikaacha mistari sita. Hoja zikanoga, nikajisahau, kengele ikalia nikiwa kwenye hitimisho. Karatasi zikakusanywa. Insha yangu iliyokwenda kwa msahihishaji ilianza na nafasi nyeupe, halafu: "Pamoja na hayo..."

Pamoja na yapi? Mpaka leo ndugu zangu nikiingia mahali kwa kuchelewa wananiita Pamoja na Hayo.

#17 Kifutio
Pamoja na Hayo!! Badilisha jina la akaunti haraka.

#18 Mzee_wa_Aya
Nimecheka hadi machozi. Lakini ona, kosa lako lilikuwa la saa. Nilisema mwisho wa kazi, sikusema mwisho wa muda.

#19 ChakiNyeupe
Kwa kazi ya kuandikia nyumbani namuunga mkono Mzee_wa_Aya, una rasimu na una kifutio. Kwenye mtihani nawaambia wangu hivi: andika utangulizi wa sentensi mbili tu. Moja inayoonyesha ugomvi uko wapi, moja inayosema wewe unaelekea wapi. Ukibaki na muda utaongeza, usipobaki umeshaingia kwa mlango.

#20 Sharubu
Mnaongelea hoja tu. Mimi naomba tuongelee masimulizi, maana huko ndiko kuna maafa. Nani aliwaambia watoto kwamba kila kisa lazima kianze kwa jua kuchomoza na ndege kuimba nyimbo nzuri? Kisa ni cha moto kuunguza nyumba usiku wa manane, lakini aya nzima ya kwanza ni jogoo.

#21 BintiWino
"Niliamka alfajiri na mapema, nikapiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi..." Ukurasa wa kwanza mtu bado hajatoka nyumbani. Ajali iko ukurasa wa tatu, karatasi zina kurasa mbili.

#22 Kalamu_Kavu
hapo ndo nawaambia mtu akipanga sana anaanza na kuamka sababu ndo namba moja kwenye mpango

#23 Nukta_Nane
@Kalamu_Kavu inaniuma kukiri ila hapo una hoja. Haina nukta, lakini ni hoja.

#24 Tashbihi_Tamu
Msiwacheke watoto. Hiyo misemo ndiyo pambo la lugha. Sisi tulifundishwa kuikariri, na ilikuwa inatupa alama: nilichana mbuga, guu niponye, nililia kwa kite na shake, moyo ulinidunda. Insha isiyo na tamathali ni kama taarifa ya polisi.

#25 ChakiNyeupe
@Tashbihi_Tamu dada yangu, misemo siipingi, naipinga kukaa isipoitwa. Siku moja nilikuwa na rundo la insha 40 na kitu, karibu zote kuna mtu "anachana mbuga". Sawa, watoto wanakimbia. Mmoja mhusika wake alichana mbuga ndani ya lifti.

Mwingine alikuwa na bibi mgonjwa, hoi, "akitembea kwa madaha kama tausi" kuelekea kitandani. Yule mtoto alikuwa na mpango wa misemo: kaandika kumi pembeni mwa karatasi, anazikata moja moja kadiri anavyozitumia. Bibi ndiye aliyekutana na zamu ya tausi.

Msemo unaofaa hutoka kwenye tukio lenyewe. Nilimpa mmoja alama ya juu kwa sentensi hii tu: "Baba aliukunja ule waraka mara nne, akaufungua, akaukunja tena." Hakuna tashbihi, hakuna nahau, lakini hofu ya baba tunaiona vidoleni.

#26 Tashbihi_Tamu
Haya, ya lifti nimekubali. Ila ukweli ubaki: wapo wasahihishaji wanaohesabu misemo. Mwanafunzi ataandikia msahihishaji gani, wewe au huyo?

#27 Sharubu
Swali gumu hilo, na mwalimu nadhani hatalijibu.

#28 ChakiNyeupe
Nitalijibu: awe nayo miwili mitatu anayoimudu kweli. Lakini sitajidai kwamba sisi wasahihishaji wote tuna kipimo kimoja. Hatuna.

#29 Kitabu_Wazi
Kwani haya mateso ya insha aliyaanzisha nani? Nasikia ni Mwingereza, Francis Bacon, mwaka 1597.

#30 Mzee_wa_Aya
1597 ni sahihi kwa Bacon kutoa zake za kwanza, lakini hakuwa mwanzilishi. Miaka 17 kabla yake, 1580, Mfaransa Michel de Montaigne alikuwa ameshachapisha za kwake, na jina ni lake: aliziita *essais*, yaani majaribio. Mtu anajaribu wazo aone linamfikisha wapi. Sisi neno letu insha limetoka kwenye Kiarabu, na huko lina maana ya kuanzisha, kuunda kitu, kutunga. Yeye anajaribu, sisi tunaunda. Labda ndiyo maana sisi tunapenda sana mpango.

#31 Kalamu_Kavu
haya sasa MAJARIBIO mnaona wenyewe mwenye insha zake hakupanga alikuwa anajaribu tu anaanza na jambo hili anaishia kwingine kabisa mimi na huyo mfaransa ni damu moja

#32 Mzee_wa_Aya
Subiri kwanza, ndugu yake Montaigne. Kuzurura alizurura kweli. Lakini hakuandika akaacha. Mwaka 1588 alitoa toleo jipya lenye sehemu ya tatu nzima na nyongeza nyingi ndani ya zile za zamani, halafu akaendelea kujaza pambizo za nakala yake mpaka alipofariki 1592. Toleo lenye nyongeza hizo za mwisho lilitoka 1595, yeye hayupo. Kazi ambayo wewe hutaki kuifanya kabla, yeye aliifanya baada. Mkuu, wewe ulishawahi kurudia kusoma ulichoandika?

#33 BintiWino
Jibu liko kwenye kila posti yake.

#34 Wino_Mweusi
Samahani naingia katikati. Mnachambua hoja, misemo, Wafaransa, hakuna aliyeuliza mwandiko. @DaftariJipya ile ya 9 ukurasa wa mwisho ulikuwaje? Mtu aliyekula dakika 15 za mwanzo lazima alikimbizana na saa.

#35 DaftariJipya
Nimeuangalia sasa hivi. Kusema kweli ukurasa wa pili mwenyewe sisomi vizuri. Kuna neno nimelikodolea macho dakika nzima, nadhani ni "kunakiliana" lakini linaweza kuwa "kunakshiana".

#36 Wino_Mweusi
Basi funga jalada. Msahihishaji ana rundo mbele yake. Akikwama kwenye neno, anapoteza uzi wa hoja, na wewe ndiye unayelipia. Wala hatafanya kwa ubaya.

#37 Nukta_Nane
@Wino_Mweusi mwandiko unaweza kukupeleka toka 12 hadi 11. Haukupeleki toka 15 hadi 9. Na aya tuliyoisoma hapo juu imechapwa safi kabisa, bado haina kitu ndani.

#38 Wino_Mweusi
Sawa, lakini aliyetoa 9 hakuisoma ikiwa imechapwa.

#39 Sharubu
Mimi nina swali moja tu kwa kijana. Wewe mwenyewe, toka moyoni, unaamini kazi za nyumbani zina faida kuliko hasara?

#40 DaftariJipya
Hapana. Nazichukia.

#41 Sharubu
Ahaaa! Mnaona? Hoja sita za faida kaziandika mtu asiyeziamini hata moja, na za hasara, ambazo anazijua kwa jasho lake, kazipa mbili. Hiyo insha ilikuwa imepangwa vizuri na mtu mwingine. Mlango wa kile kisa alikuwa anauona, ndiyo maana neno likaita neno.

#42 BintiWino
Hapana jamani. Nimefanya midahalo miaka mitatu, unapewa upande kwa kurusha sarafu, unasimama unautetea. Kuamini si sharti. Ukisubiri uamini ndipo uandike utakaa na karatasi nyeupe.

#43 Sharubu
Kwenye mdahalo kuna mtu mbele yako anakupinga, anakuchemsha damu. Karatasi haikupingi.

#44 ChakiNyeupe
Zaidi ya hapo, swali lilisema jadili. Hakulazimishwa upande. Angeweza kuikataa kauli yenyewe, akaeleza kwa nini, na angepata alama zake zote. Wanafunzi wengi wanadhani kauli iliyo kwenye swali ni amri.

#45 Mzee_wa_Aya
Hapo inategemea shule na msahihishaji, mwalimu. Mimi nilikataa kauli mara moja, nikaandikiwa "Umetoka nje ya mada."

#46 ChakiNyeupe
Nikiiona ndiyo nitasema. Kukataa kauli na kutoka nje yake ni vitu viwili, na wanaodhani wamefanya la kwanza mara nyingi wamefanya la pili.

#47 Mzee_wa_Aya
Ilikuwa zamani mno, ilishafungia maandazi. Lakini sikutoka nje!

#48 Kitabu_Wazi
Ngoja niwape mbinu niliyoipata kwa dada yangu, maana mimi ni kundi la Kalamu_Kavu, mpango wa kabla unanifunga kamba. Unaandika kwanza. Ukimaliza, unapita pambizoni, kila aya unaipa maneno mawili au matatu: hii inafanya kazi gani? Aya isiyopata jina ifutwe. Aya mbili zenye jina moja ziunganishwe. Halafu soma yale majina peke yake toka juu hadi chini kama yanakwenda. Unapata mpango, ila umeutoa ndani ya insha badala ya kuuingiza.

@DaftariJipya jaribu kwa zote mbili utuletee.

#49 Kifutio
Aya mbili zenye jina moja kwangu ni zote.

#50 Mgeni_Mtulivu
Jamani siku hizi kuna programu za akili bandia, unaiambia tu ikupangie. Mnajitesa nini?

#51 BintiWino
Kwenye chumba cha mtihani utaiambia kwa mdomo? Ila mimi namtumia kinyume: napanga mwenyewe, nampa sentensi zangu tatu, namwambia anipinge. Akinipinga kirahisi najua hoja ni dhaifu. Akikupangia yeye, utaletewa hoja nane kama za huyu bwana mdogo, tena bila rula.

#52 DaftariJipya
Nimefanya ya @Kitabu_Wazi. Insha ya 9 imetoka hivi: maana, mazoezi, nidhamu, mzazi, muda, kujitegemea, mtihani, uchovu, kunakili, mwisho. Nikizichanganya hizo za katikati kama karata hakuna kinachoharibika. Hilo limenishtua.

Ya 15: nasikia hatua nje, nazima taa, nasukuma kabati mlangoni, kabati linanishinda, nalala chini, hatua zinaondoka, nasubiri mpaka kunapambazuka, nagusa kitasa. Hapa siwezi kuhamisha hata moja. Ukilitanguliza kabati kabla ya hatua, namsukumia nani?

#53 Nukta_Nane
Uti wa mgongo. Nilisema posti ya 3, sitaki malipo.

#54 Kitabu_Wazi
Jaribio zuri hilo la kuzichanganya. Sasa insha ya hoja nayo iweze hivyohivyo: hoja ya pili isiwezekane bila ya kwanza.

#55 ChakiNyeupe
Inawezekana kwa hoja tatu. Mfano: kazi za nyumbani hufaa zinapompa mtoto uamuzi. Lakini uamuzi unahitaji muda, kwa hiyo wingi wake unaua faida yake. Kwa hiyo swali la kweli ni ngapi, na si zipo au hazipo. Jaribu kuanza na ya tatu uone.

#56 Kalamu_Kavu
mimi bado nasema kijana alipata 15 bila kupanga na hakuna mtu humu amebadilisha hilo

#57 Wino_Mweusi
Na mimi bado nasema mwandiko.

#58 DaftariJipya
Asanteni wote. Nimeiandika upya ile ya 9, si kwa alama, mwalimu kasema atanisomea tu. Safari hii nimekataa kauli. Inaanza hivi: "Kazi ya nyumbani ninayoikumbuka mpaka leo ni ile niliyoikosea yote."

#59 Mzee_wa_Aya
Huo ndio mlango! Hujaniambia maana ya kitu, umenipa sababu ya kukaa.

#60 Tashbihi_Tamu
Mbona kavu hivyo? Hata nahau moja?

#61 Nukta_Nane
Nafsi ya kwanza kwenye insha ya hoja? Sisi tulikatazwa kabisa "mimi".

#62 BintiWino
Nani aliyekataza, na kwa sababu gani? Hiyo ni moja ya zile sheria ambazo kila mtu kaambiwa na hakuna aliyeziona zimeandikwa.

#63 ChakiNyeupe
Zipo sehemu zimeandikwa. Nyingine hazipo. @DaftariJipya, muulize mwalimu wako kabla hujaipenda sana.

#64 Kalamu_Kavu
hiyo sentensi uliipanga

#65 DaftariJipya
Ilikuja yenyewe nikiwa napanga kitu kingine.

#66 Kifutio
Nimesoma uzi wote tangu posti ya 2, nimejifunza mengi. Insha yangu ni ya kesho asubuhi na sijaandika hata mstari. Nani ana utangulizi wa ziada?

#67 Mzee_wa_Aya
Acha mistari sita.